Spear na Juha Kalulu: Msomaji Kijana na Mhusika Wake

Kijana wa Nakuru mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliweza kujilinganisha na Lance Spearman, shujaa wa hadithi za picha katika jarida la African Film. Spear alizungumza Kiingereza. Hakuulizwa kabila lake wala shamba la babaye, maswali mazito katika Bonde la Ufa. Kujiita Spear kulikuwa kujivua maswali hayo. Juha Kalulu, kibonzo cha Edward Gitau katika Taifa Leo, alizungumza Kiswahili, naye akachekwa. Ila jina lake limeunganisha juha na kalulu, ambaye kwa Kinyanja ni sungura, mjanja wa ngano. Uhakiki unaomhesabu kuwa kichekesho tu haujalisoma hata jina, wala haujaeleza kwa nini msomaji aliyetamani kuwa Spear aliendelea kumtafuta Juha gazetini.