Dereva Aliyekuwa Nje ya Gari: Jinsi Ray Evernham Alivyomjengea Jeff Gordon Ushindi

Kuanzia 1994 hadi 1999, dereva Jeff Gordon alishinda mbio 47 za magari za ngazi ya juu ya NASCAR nchini Marekani akiwa na fundi mkuu mmoja, Ray Evernham. Pamoja walitwaa ubingwa mara tatu: 1995, 1997 na 1998. Wengi wakiulizwa siri ya mafanikio hayo hutaja kipaji cha Gordon, au fedha za mwenye timu, Rick Hendrick. Vyote viwili vilikuwapo, lakini timu pinzani nazo zilikuwa na vipaji na zilikuwa na fedha. Kwangu mimi jambo kubwa ni hili: mtu aliyekuwa akitoa maagizo kwenye redio alikwishakaa nyuma ya usukani kwa miaka mingi, kwa hiyo alijua amuulize nini aliyeko ndani ya gari.

Evernham alizaliwa 1957 katika jimbo la New Jersey. Ujana wake aliumalizia kwenye magari ya modifaidi, yale yenye magurudumu yaliyo wazi nje ya bodi, katika viwanja vifupi kama Wall Stadium. Miaka ya 1980 alipata pia kazi ya chasisi katika mashindano ya IROC, ambayo yaliwakusanya mabingwa kutoka michezo mbalimbali ya magari na kuwapa magari yanayofanana. Kazi ya mafundi ilikuwa kuhakikisha hakuna gari linalolizidi jingine. Hebu fikiria shule hiyo. Bingwa wa Indianapolis anashuka na kulalamika hivi, bingwa wa NASCAR analalamika vile, na magari yao yameandaliwa sawasawa. Fundi mwenye masikio hujifunza hapo kutenganisha tabia ya dereva na kasoro ya gari, na somo hilo huwezi kulipata kwa kuwa dereva tu wala kwa kuwa fundi tu.

Mwaka 1991 alipata ajali mbaya katika uwanja wa Flemington, New Jersey, akaumia kichwa, na uwezo wake wa kupima umbali kwa macho ukapungua. Kwa dereva anayepita sentimita chache kutoka kwenye ukuta, huo ndio mwisho wa kazi. Akafanya kazi kwa wiki chache tu na Alan Kulwicki, dereva aliyekuwa mhandisi na mwenye timu yake mwenyewe, wakaachana mapema 1992. Evernham akaenda kufanya kazi na Gordon, na mwaka huohuo wakahamia pamoja kwa Hendrick, kisha mwezi Novemba wakaingia kwenye mbio zao za kwanza za ngazi ya juu huko Atlanta.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Mbio hizi nyingi hukimbiwa kwenye uwanja wa mviringo, kona zote za kushoto. Gari lina magonjwa makubwa mawili. La kwanza, linagoma kukata kona: unazungusha usukani, pua inaendelea kwenda ukutani. La pili, mkia unateleza na kutaka kulitangulia gari. Wakati ule sheria hazikuruhusu vifaa vya kupeleka takwimu za gari kwa mafundi wakati wa mbio. Fundi mkuu alikuwa na saa mkononi, matairi yaliyotolewa, na sauti ya dereva. Tairi lililotolewa hupimwa joto sehemu tatu, ndani, katikati na nje, na hutazamwa limelika wapi. Katikati pakiwa na joto kupita kingo, upepo umezidi.

Dereva akisema tu kwamba gari halikati kona, hajasema mengi. Linagoma wapi? Wakati wa kuingia, mguu ukiwa umeshaachia mafuta? Katikati ya kona? Au wakati wa kutoka, akikanyaga tena? Kila jibu lina dawa yake, na aliyewahi kuendesha huuliza maswali hayo bila kukumbushwa. Mojawapo ya dawa ni kuhamisha uzito. Kwenye kioo cha nyuma kuna tundu. Fundi huingiza spana yenye mpini mrefu na kuzungusha boliti iliyo juu ya springi ya nyuma. Ukiinua mguu mmoja wa meza, mzigo huuelemea mguu huo pamoja na ule ulio mkabala nao kwa mshazari. Gari nalo hufanya vivyo hivyo. Uzito ukiongezwa kwa mshazari kati ya gurudumu la nyuma kushoto na la mbele kulia, mkia unatulia lakini pua inazidi kuwa nzito kugeuka. Ukipunguzwa, kinyume chake. Kuizungusha boliti hiyo nusu tu kunaweza kubadilisha mbio nzima, na uamuzi hufanywa kwa sekunde chache kutokana na sentensi mbili zilizosikika katikati ya ngurumo ya injini.

Ustadi huo ulionekana waziwazi tarehe 29 Mei 1994 huko Charlotte, katika Coca-Cola 600, mbio za maili 600 ambazo ni takriban kilomita 965. Mpinzani wao Rusty Wallace ndiye aliyekuwa ameongoza mizunguko mingi zaidi. Alipoingia kituoni kwa mara ya mwisho, mafundi wake walimbadilishia matairi manne. Gordon alipoingia, ikiwa imebaki mizunguko takriban 20, Evernham akaamuru mawili, ya kulia. Kwa nini ya kulia? Kwa sababu kona za kushoto huelemeza gari upande wa kulia, na matairi ya huko ndiyo yanayoteseka zaidi. Gordon akatoka mbele ya Wallace, na ushindi wake wa kwanza wa ngazi hiyo ukapatikana akiwa na umri wa miaka 22.

Baadhi ya watu waliita uamuzi huo kamari. Sikubaliani nao. Faida ya matairi manne huja polepole, mzunguko baada ya mzunguko, na mizunguko iliyobaki ilikuwa michache. Muda uliookolewa kituoni ulikuwa mkononi tayari. Kilichotakiwa ni kujua kwamba gari limetulia kiasi cha kuvumilia matairi mapya upande mmoja na yaliyochakaa upande mwingine. Kujua hilo kunahitaji mtu anayeweza kukisia dereva ataonja nini kwenye kona ya kwanza baada ya kutoka.

Kituoni kwenyewe kulikuwa na mageuzi mengine. Desturi ilikuwa kwamba fundi anayefunga injini Jumanne ndiye huyohuyo anayebadilisha tairi Jumapili. Timu ya Gordon ikamleta Andy Papathanassiou, aliyewahi kucheza futiboli ya Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Stanford, awe kocha wa kikosi cha kituoni. Mazoezi ya viungo, kurudia hatua zilezile na kujitazama kwenye video vikawa sehemu ya kazi. Leo timu kubwa zote hufanya hivyo.

Uthubutu wa Evernham ulifika pia kwenye kitabu cha sheria. Mwaka 1997 timu ilipeleka Charlotte gari lililopewa jina T-Rex, kutokana na Rex Stump, mhandisi aliyelibuni. Likapita ukaguzi, likashinda mbio za nyota zilizoitwa The Winston, kisha NASCAR ikawaambia wasilirudishe tena. Mwaka uliofuata Gordon alishinda mbio 13 na magari mengine, kwa hiyo hoja ya kwamba yote yalitokana na gari moja haisimami.

Mwishoni mwa Septemba 1999 Evernham aliondoka kwenda kuanzisha timu yake kwa ajili ya kurejea kwa kampuni ya magari ya Dodge katika NASCAR mwaka 2001. Brian Whitesell akashika nafasi yake, na Gordon akashinda mbio mbili mfululizo zilizofuata. Wapo wanaotumia ukweli huo kuonyesha kwamba Evernham hakuwa wa lazima. Mimi nauona kuwa sifa yake kubwa kuliko zote. Maswali yake, utaratibu wa kituoni na namna ya kuandaa magari vilikuwa vimeshakuwa mali ya timu nzima, na Gordon akatwaa ubingwa wa nne mwaka 2001 chini ya fundi mkuu mwingine, Robbie Loomis. Evernham aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa NASCAR mwaka 2018, na alistahili.