Upeo wa Namba na Maana ya Ujumbe: Uhakiki wa Ripoti ya Ariane 501

Ripoti ya tume iliyoongozwa na mwanahisabati Jacques-Louis Lions, iliyotolewa tarehe 19 Julai 1996, hutajwa mara kwa mara katika maandishi kuhusu ubadilishaji wa aina za data, lakini aghalabu hutajwa nusunusu. Wengi huishia kwenye tukio moja: namba ya desimali ya biti 64 iligeuzwa kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo upeo wake ni 32,767. Thamani ilizidi upeo huo, na takribani sekunde 37 baada ya injini kuu kuanza kuwashwa huko Kourou, tarehe 4 Juni 1996, kompyuta ya kupima mwelekeo wa roketi ikajizima.

Usomaji huo hauitendei haki ripoti yenyewe. Tume ilieleza kwamba vibadilika saba vilikabiliwa na hatari hiyo. Vinne vilikingwa na vitatu vikaachwa, kwa kuwa mzigo wa kompyuta ulitakiwa usizidi asilimia 80. Haukuwa usahaulifu, bali uamuzi, uliofaa kwa Ariane 4, ambayo kasi yake ya mlalo mwanzoni mwa safari ilikuwa ndogo zaidi. Lawama ya tume, ambayo naiona ya haki, ni kwamba sababu ya uamuzi huo haikuandikwa ndani ya programu, mahali ambapo warithi wake wangeiona.

Udhaifu wa ripoti, kwa maoni yangu, uko kwingine. Kompyuta iliyoshindwa haikunyamaza. Ilituma mpangilio wa biti za kueleza hitilafu, nayo kompyuta kuu ikazisoma kama data ya safari na kuigeuza midomo ya injini hadi mwisho wake. Kompyuta ya akiba, yenye programu ileile, ilikuwa imeshazimika. Ripoti inaeleza haya waziwazi katika mfuatano wa matukio. Ilipofika kwenye mapendekezo, ikasisitiza kwamba vipimio visiache kutuma data na kwamba masafa ya thamani yahakikiwe. Kuhakiki masafa hakutoshi. Biti 16 zozote husomeka kuwa namba kamili halali, na pakiti isiyobeba alama ya aina ya yaliyomo humwacha mpokeaji akikisia. Hata kama vibadilika vyote saba vingekingwa, hitilafu nyingine ya kuzizima kompyuta zote mbili ingemfikishia msomaji yuleyule ujumbe uleule.