Si kila aliyeandikwa kwa Kireno alikuwa Mreno

Mwezi uliopita, mwalimu mmoja wa Kiswahili kutoka Mombasa, mwanafunzi wangu wa zamani, alinitembelea ofisini akiwa na bahasha ya kaki na fulana iliyokunjwa vizuri. Alinisalimia, akaketi, kisha akaitandaza ile fulana mezani. Kifuani palikuwa pamechapishwa mchoro wa ukoo wao: mistari, majina na miaka. Juu kabisa, pale pa mzee wa kwanza, palikuwa na jina moja kwa herufi kubwa: INCÓGNITO.

"Mwalimu, huyu ndiye mzee wetu aliyetuzaa sote," alisema kwa fahari. "Alikuwa baharia Mreno. Tushachapisha fulana arobaini za mkutano wa familia wa Desemba. Lakini nataka uniangalizie hii tafsiri, maana kuna tarehe haziingiani kabisa."

Ndani ya bahasha mlikuwa na nakala ya ukurasa mmoja wa kitabu cha ubatizo cha parokia fulani ya Salcete, Goa, wa mwaka 1874, pamoja na tafsiri ya Kiswahili aliyomlipa mtu amfanyie. Mtoto aliyebatizwa ndiye baba wa babu yake, fundi cherehani aliyekuja Mombasa wakati reli ikijengwa. Mgeni wangu basi ni kitukuu cha fundi huyo, na kilembwe cha huyo anayeitwa Incógnito.

Mpenzi msomaji, leo nitaihakiki tafsiri hiyo. Aliyeifanya sitamtaja, wala sina nia ya kumvunjia riziki. Makosa yake ni ya wengi, na siku hizi Wakenya wanaotafuta mababu katika nyaraka za Kireno si wachache. Wapo wanaotafuta uraia, wapo wanaotafuta mirathi, na wapo kama mwanafunzi wangu, wanaotaka tu kujua walikotoka. Wote hao wanahitaji tafsiri inayoaminika.

Nianze na tarehe. Kwa mujibu wa tafsiri, mtoto alizaliwa tarehe 28 Agosti akabatizwa tarehe 4 Julai mwaka uo huo. Yaani alibatizwa kabla hajazaliwa! Niliposoma nakala yenyewe niliona padri ameandika tarakimu 7 ikifuatwa na herufi "bro". Mtafsiri aliiona saba, akaandika mwezi wa saba. Kumbe huo ni mkato wa kale wa Setembro, yaani Septemba, kwa kuwa jina hilo linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya saba. Katika kalenda ya kale ya Kirumi mwaka ulianza Machi. Kwa mantiki hiyohiyo 8bro ni Oktoba, 9bro ni Novemba na Xbro ni Desemba. Mtoto alibatizwa siku saba baada ya kuzaliwa, kama ilivyokuwa desturi. Kosa hili ni la kutojua, na mtu huweza kulisamehe. Lisilosameheka ni kuwa mtafsiri alisoma sentensi yake mwenyewe isiyowezekana, asishtuke.

Kosa la pili linahusu neno "natural". Katika ukurasa huo neno hili limetokea mara mbili. Mara ya kwanza linafuatwa na jina la kijiji, na maana yake ni mzaliwa wa mahali fulani. Hapo mtafsiri aliandika "mwenye asili ya", nami sina ugomvi naye. Mara ya pili linafuata neno "filho", yaani mwana. Mtafsiri, akiwa ameshaizoea asili yake, akaandika "mtoto wa asili". Msomaji wa Kiswahili ataelewa nini hapo? Ataelewa kwamba huyu ni mwenyeji, mwana wa nchi. Lakini katika vitabu vya parokia, "filho natural" ni mtoto ambaye wazazi wake hawakuwa wamefunga ndoa. Kinyume chake ni "filho legítimo", mwana wa ndoa. Neno ni moja, jirani zake ndio waliobadilika, na maana ikahama.

Tatu, mama wa mtoto ameandikwa kwa jina la Maria likifuatwa na "da Conceição". Katika mchoro wa fulana, Conceição limegeuzwa kuwa ukoo, na mstari mrefu umechorwa kuuelekea. Wareno, na Wagoa waliobatizwa kwa desturi za Wareno, waliwapa wanawake wengi majina ya ibada: da Conceição kwa heshima ya Mimba Takatifu, de Jesus, do Espírito Santo, do Rosário. Dada watatu wa tumbo moja wangeweza kuwa na majina matatu ya namna hiyo. Anayeufuata ukoo wa Conceição kwenye vitabu anafuata sala, hafuati ukoo. Njia iliyonyooka ilikuwa mistari miwili chini, alipoandika padri majina ya babu na bibi wa upande wa mama pamoja na kijiji chao. Mtafsiri aliyafasiri majina hayo bila kosa, lakini mchoraji wa fulana hakuyatumia.

Sasa tufike kwa Incógnito. Maneno ya padri ni "pai incógnito". Pai ni baba. Incógnito si jina la mtu; maana yake ni asiyejulikana. Mtafsiri aliandika: "Baba yake ni Incógnito." Kutokana na herufi moja kubwa aliyoiongeza mwenyewe, akazaliwa mtu ambaye hakuwahi kuwapo. Ukoo ukampa kazi ya ubaharia, ukampa nchi ya Ureno, na watoto wakaanza kujitazama pua kwenye kioo.

Nilimweleza mwanafunzi wangu polepole. Alinyamaza kwa muda, akaivuta ile fulana, akaikunja. Kisha akaniuliza swali ambalo limenikosesha usingizi kuliko makosa yote ya tafsiri ile: "Kwa hivyo Mwalimu, sisi ni wana wa haramu?"

Ningeweza kumjibu haraka kwa methali: kitanda hakizai haramu. Wengi wetu huitumia hivyo, kuwafariji watoto wote. Lakini mwalimu wa Kiswahili humdanganyi kwa Kiswahili. Methali hiyo ina mizizi katika sheria ya Kiislamu, inayomhesabu mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa kuwa wa mume mwenye kitanda. Inamlinda mtoto wa kitanda cha ndoa. Mama wa Salcete hakuwa na kitanda hicho, ndiyo sababu padri aliandika alivyoandika. Kumpa methali ile kungekuwa kumpa dawa ya ugonjwa mwingine.

Kwa hiyo tafsiri iweje? Baadhi ya wenzangu niliowashirikisha walipendekeza "mwanaharamu", eti ndilo neno la zamani. Nalikataa. Katika Kiswahili cha leo mwanaharamu ni tusi, linalotumika hata kwa mtu aliyekupita foleni. Padri hakutukana, alitumia neno la kawaida la vitabu vya kanisa. Wengine wakapendekeza "baba hakutajwa", kwa kuwa linampunguzia mtu aibu. Nalo nalikataa, ingawa linanivutia. Padri ameandika "asiyejulikana", na mtafsiri hana ruhusa ya kuongeza huruma ambayo matini haina. Ninapendekeza "mtoto wa nje ya ndoa" na "baba hajulikani", halafu maelezo mafupi chini ya ukurasa.

Katika maelezo hayo ndipo ukweli mwingine unapopata nafasi. Fomula "pai incógnito" ni lugha ya daftari. Mara nyingi iliandikwa kwa sababu wazazi hawakuwa wameoana na baba hakujitokeza kukiri mtoto, hata kama kijiji kizima kilimjua. Asiyejulikana na kitabu si lazima awe hajulikani na majirani. Hatuwezi kusema alikuwa baharia. Hatuwezi kusema alikuwa Mreno. Angeweza kuwa mkulima wa mpunga wa kijiji cha pili. Nyaraka zimenyamaza, na kazi ya mhakiki ni kuuheshimu unyamavu huo badala ya kuujaza kwa hadithi.

Hapa ndipo ninapotaka kuligusa tatizo kubwa kuliko mtafsiri mmoja. Tunapozungumzia mababu "waliozungumza Kireno" huwa tunachanganya mambo matatu: damu, lugha na maandishi. Ureno iliitawala Goa kuanzia 1510 hadi 1961. Mtaguso wa Trento, katika mwaka wake wa mwisho wa 1563, uliagiza parokia ziandike vitabu vya ndoa, sambamba na vya ubatizo. Wenyeji waliobatizwa walipewa majina ya Kireno, mara nyingi ukoo wa msimamizi wao au wa padri. Ndiyo maana Goa imejaa akina Fernandes, Rodrigues na de Souza ambao hawana tone la damu ya Lisbon. Nyumbani walizungumza Kikonkani, lugha ambayo amri ya serikali ya mwaka 1684 ilitaka iachwe ndani ya miaka mitatu. Haikuachwa, na ipo hadi leo. Basi yule mama wa Salcete huenda alikiri dhambi zake, alimbembeleza mtoto na alilia kwa Kikonkani. Kireno ndicho kilichomwandika.

Sisi wa pwani hatupaswi kushangaa. Yusuf bin Hassan, mwana wa mfalme wa Mombasa, alipelekwa Goa akiwa mtoto baada ya baba yake kuuawa, akabatizwa, akalelewa na watawa wa Agustino, akaitwa Dom Jerónimo. Alirudishwa Mombasa kama mfalme Mkristo. Agosti 1631 aliasi, akamuua kapteni wa Fort Jesus na kuiteka ngome. Ushahidi wa kiapo uliokusanywa baada ya maasi hayo, ambao G.S.P. Freeman-Grenville aliuchapisha kwa Kiingereza mwaka 1980, una Waafrika kadhaa wenye majina ya Kireno. Mtafutaji wa mababu anayesoma majina tu ataapa kuwa wote wale walikuja kwa meli kutoka Ureno. Na mfalme wetu mwenyewe angemwekea kwenye fulana.

Hata lugha yetu inatufundisha somo hilo. Gereza linatokana na "igreja", neno la Kireno la kanisa. Waswahili walilichukua, wakaiitia ngome, na ngome ilipogeuzwa kuwa mahabusu neno likabaki na wafungwa. Hakuna anayeingia gerezani leo akidhani anakwenda misa. Neno huhama likabadilika maana, na jina la mtu nalo huhama likabadilika mwenyewe.

Wapo pia waliochagua. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, alizaliwa na baba Mgoa wa ukoo wa Zuzarte na mama Mmaasai. Ulimwengu ulimjua kwa jina la upande wa mama. Mkusanyiko wake wa vitabu na nyaraka sasa uko katika jumba la Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, Nairobi. Mtu huyo aliyejali karatasi kiasi hicho alijua vilevile kuwa karatasi ya baba peke yake haimalizi habari za mtu.

Kwa wasomaji wenye bahasha kama ile, nina ushauri wa mambo manne. Kwanza, usipokee tafsiri bila nakala ya ukurasa wenyewe. Pili, mwombe mtafsiri aache maneno ya Kireno ya uhusiano yaonekane kando ya tafsiri: pai ni baba, padrinho ni msimamizi wa ubatizo, na parente ni jamaa yeyote, si mzazi kama wasomi wa Kiingereza wanavyodhani. Tatu, fuata kijiji kabla ya kufuata ukoo, kwa maana akina Fernandes ni maelfu lakini parokia ni moja. Nne, kama babu yako alitoka Ureno kwenyewe, kumbuka kuwa usajili wa kiserikali ulifanywa wa lazima huko mwaka 1911. Kabla ya hapo, kwa walio wengi, tegemeo ni vitabu vya makanisa, na vingi sasa vinasomeka bure kwenye intaneti kupitia hifadhi za serikali yao.

Mwanafunzi wangu alinipigia simu Jumapili. Amezungumza na wazee wa ukoo. Shangazi yake mwenye umri wa miaka themanini na minane hakushangaa hata kidogo. Alisema bibi yake alikuwa akiimba wimbo wa Kikonkani kuhusu msichana wa kijijini aliyelea peke yake, na watoto walikatazwa kuuliza ni nani. Wimbo huo shangazi bado anaukumbuka, na sasa wameanza kumrekodi.

"Na zile fulana arobaini?" nikamuuliza.

"Tutazivaa, Prof," akanijibu akicheka. "Tumempata fundi wa kushona kiraka juu ya Incógnito. Tunaandika jina la Maria, na la kijiji chake."

Nilimwambia asisahau kumwelekeza fundi aandike Septemba.