Piga Goti Kwanza, Bei Baadaye: Kupima Gari la Kale Dar es Salaam

Anayenunua gari la kale kwa mara ya kwanza huvutwa na mambo mawili: rangi na mlio wa injini. Kwa bahati mbaya hayo ndiyo rahisi kuliko yote kutengenezwa katika mji huu. Rangi itapigwa gereji yoyote nzuri ya Mwenge au Tandika, na injini ya Peugeot 404 itafunguliwa na mafundi walioizoea tangu ujana wao. Kisichorudi ni chuma kilicholiwa na hewa ya bahari, na vitu vidogo vilivyong'olewa zamani: kioo cha taa, nembo ya boneti, mshikio wa mlango, saa ya dashibodi. Basi kanuni ya kwanza ni hii: nunua bodi nzima na gari kamili, injini utaihangaikia baadaye.

Yaliyobaki, na kwa nini

Magari ya kale utakayokutana nayo Kinondoni na Temeke ni ya koo chache: Land Rover 109, Volkswagen Beetle, Peugeot 404 na 504, Datsun 1200 na 120Y, mara chache Morris Minor, na kwa mwenye fedha, Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 40. Hayakufika kwa bahati tu. Mbio za Safari, zilizoanza 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, zilikuwa tangazo kubwa kuliko yote la magari katika ukanda huu. Bert Shankland, dereva aliyekuwa mkazi wa Tanzania, alizishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Mwaka 1970 ikawa zamu ya Datsun. Mnunuzi wa wakati ule aliyaona magari haya yakitoka kwenye tope yakiwa mazima, akaamini.

Kisha ikaja miaka ya ukame wa fedha za kigeni. Kabla ya bajeti ya 1984 kuruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa, spea ilikuwa ya kubahatisha. Gari lililovuka kipindi hicho lilivushwa na fundi: bushi ilichongwa, gasketi ilikatwa kwa mkono, silensa iliungwa upya. Kwa hiyo usitarajie gari la Dar lisiloguswa. Unachopima ni ubora wa mikono iliyoligusa.

Chini ya gari

Nenda asubuhi, gari likiwa kavu, ukiwa na sumaku ndogo, bisibisi, tochi na nguo usiyoionea huruma. Lala chini. Dalali atakayekuambia usijichafue amekwisha kukujibu nusu ya maswali.

Land Rover inadanganya kuliko zote, kwa sababu sehemu kubwa ya bodi yake ni ya aloi ya alumini, haioti kutu, na sumaku haitakusaidia hapo. Chasisi yake lakini ni ya chuma. Unaweza kuona gari linang'aa Mbezi Beach huku fremu iliyolibeba imebaki maganda. Gonga chasisi kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele hadi boriti ya nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu. Wasiwasi uanze ukiona lami nyeusi iliyopakwa juzi: aghalabu imefunika kitu. Tazama pia pale alumini inapokutana na chuma, maana chumvi ikipata unyevu kati ya metali hizo mbili, alumini hugeuka unga mweupe.

Kwenye Beetle, inua kiti cha nyuma. Betri inakaa hapo, na asidi yake ikimwagika hula sakafu. Kisha kagua vizingiti vya milango. Ndani yake kuna mifereji ya kupeleka hewa ya moto, isiyo na faida yoyote kwa joto la Dar, ila ndiyo uti wa bodi. Fungua mlango na uunyanyue kidogo. Bawaba zikiwa nzima na mlango bado haukai sawa, bodi imelegea.

Peugeot na Datsun za saluni hazina chasisi ya peke yake. Bodi ndiyo fremu. Pitisha sumaku kwenye vizingiti, juu ya matairi na kwenye kingo za chini za milango. Ikikataa kushika, hapo kuna pati, si bati. Pati nyembamba ya kusawazisha ni kazi halali ya fundi rangi. Pati nene kama kidole inaziba tundu.

Baada ya hapo simama mbali kidogo, upande wa pembe, utazame nafasi kati ya milango, boneti na buti. Ikiwa pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili, gari liligongwa na halikunyooshwa vizuri.

Mkono wa fundi

Ukarabati wa zamani si aibu, na mwingine unaongeza thamani ya gari. Kiraka kizuri kimekatwa hadi kwenye chuma kizima, bati lake lina unene wa bati la awali, na mshono wa kulehemu unakwenda mfululizo. Kiraka kibaya ni bati jembamba lililopachikwa kwa ribiti juu ya kutu, kisha likapakwa rangi. Bushi ya shaba iliyochongwa vizuri kwenye mashine ya kereza inaweza kudumu kuliko ya kiwandani. Bushi iliyokatwa kutoka tairi kuukuu itakuchezesha usukani hadi ukome.

Nyaya ndizo zinazotenganisha fundi na mbabaishaji. Fungua boksi la fyuzi. Ukikuta karatasi ya sigara au kipande cha waya mahali pa fyuzi, hesabu gharama ya kulisuka gari lote upya, maana magari mengi ya kale yaliungua kwa umeme.

Swali gumu ni la injini iliyobadilishwa. Land Rover nyingi zimefungwa injini za dizeli za Kijapani, na zinafanya kazi. Kwa mtu wa shamba hilo ni jambo jema. Kwa mpenzi wa gari la kale, lazima bei ishuke, na namba ya injini lazima ilingane na iliyo kwenye kadi ya usajili.

Injini kwa ufupi

Omba isiwashwe kabla hujafika, kisha gusa boneti. Ikiwa ya moto, mmeanza vibaya. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni kabureta inayomwaga petroli. Mweupe usiokwisha, na maji yanapungua, ni gasketi ya hedi. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Kwenye Beetle shika puli ya injini, uivute na kuisukuma. Ikigonga waziwazi, beringi kuu zimechoka.

Kumbuka pia kwamba petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara ilipoanza 2006. Injini zilizosanifiwa kwa petroli ile zinaweza kula viti vya valvu taratibu. Muulize fundi kama hedi imewahi kuwekewa viti vigumu.

Kadi kabla ya fedha

Magari mengi mazuri yako nyuma ya nyumba za wazee waliostaafu, Chang'ombe, Magomeni, Kinondoni. Ukifika, anza na "Shikamoo mzee, gari hili ulilipata mwaka gani?" na usitaje bei siku hiyo. Historia utakayopewa ina thamani kuliko maelezo ya dalali.

Kama mwenye gari amefariki, mtoto wake hana mamlaka ya kuuza kwa sababu tu funguo ziko mkononi mwake. Dai barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi, na huyo ndiye atie saini mkataba mbele ya wakili. Linganisha namba ya chasisi na ya kadi kwa macho yako, kisha uhakikishe Mamlaka ya Mapato (TRA). Gari lenye namba za muundo wa zamani huenda halikuhamia kwenye mfumo wa sasa. Jua gharama na usumbufu wake kabla ya kulipa. Gari lisilo na kadi ni pambo la uani, hata likiwa zuri namna gani.

La kwanza liwe lipi

Ushauri wangu ni Datsun 1200 au Beetle. Ni mepesi, injini zake ni rahisi, na spea zinapatikana: pikapu iliyotokana na Datsun 1200 iliendelea kuundwa Afrika Kusini kwa jina la Nissan 1400 hadi 2008. Land Rover iwe ya pili, ukishajua kusoma chasisi. Na usimalize fedha zote kwenye kununua. Baki na kiasi kama kile ulicholipa, kwa breki kwanza. Magari mengi ya zama zile yana mfumo mmoja wa breki. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne yanakosa breki.

Kulifaidi

Wakati wa uhaba wa mafuta, magari binafsi yalikatazwa barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana. Leo Jumapili alfajiri ndiyo saa ya gari la kale, kabla foleni haijachemsha rejeta: Tegeta hadi Bagamoyo, au kupanda Pugu. Gari lisilotembea huharibika zaidi ya linalotembea. Liwashe na liendeshe kila wiki. Ukitoka Kigamboni au Kunduchi, osha chini kwa maji baridi. Turubai lisigandamane na bodi, hasa wakati wa masika.

Jizuie kulifanya jipya. Rangi ya awali iliyopauka ina thamani kuliko rangi mpya ya kung'aa, na rimu za kisasa na vioo vyeusi hufuta kile ulichonunua. Rekebisha kinachohatarisha maisha, zuia kinachooza, mengine yaache yazeeke. Na kama baada ya mwaka mmoja umelijua benchi la gereji kuliko usukani, liuze bila kinyongo kwa mwenye fedha na subira zaidi, umweleze kasoro zote. Umeshajifunza kupima, na la pili utalinunua vizuri zaidi.