Fadhaa ya Katharina: Uhakiki wa Barua za Mwisho za Luther

Mara nyingi mhubiri afikapo Mathayo 6:25-34 huwaagiza washarika waache kusumbuka, kisha husema Amina. Mjane mwenye deni la ada ya shule hurudi nyumbani na mizigo miwili: ule wa ada, na ule wa kudhaniwa kuwa hana imani. Makala hii yachunguza iwapo barua ambazo Martin Luther alimwandikia mkewe, Katharina von Bora, mwezi Februari 1546, zaliponya kosa hilo au zalikuza.

Luther alikuwa Eisleben akisuluhisha ugomvi wa watawala wa Mansfeld. Afya yake ilikuwa dhaifu, na Katharina huko Wittenberg alijaa hofu. Katika barua ya tarehe 7 anamkumbusha kwamba anaye mlinzi aliye bora kuliko yeye na malaika wote, naye ndiye yule aliyelazwa horini. Katika ile ya tarehe 10 anamtania: tangu mama huyu alipoanza kumhangaikia, moto ulikaribia kuwateketeza, na jiwe likakaribia kumwangukia!

Sifa ya barua hizi ni kwamba hazikemei. Luther hamwambii mkewe ajikaze, bali amrudia Mungu na Neno lake, hata kumwelekeza kwenye Injili ya Yohana na Katekisimo Ndogo. Kwa utani wake aonyesha kiini cha fadhaa: mwanadamu kujitwalia kazi ambayo Mungu hakumpa. Hapa ni theolojia ya neema, wala si mashauri ya kutuliza moyo tu.

Hata hivyo zina upungufu. Luther alifariki huko huko Eisleben tarehe 18 Februari, siku nane tu baada ya utani ule. Jambo aliloliogopa Katharina lilitokea. Tena, yeye ndiye aliyebeba nyumba ile: mashamba, mifugo, utengenezaji wa pombe, na wanafunzi waliopanga kwao. Baada ya kufiwa alikimbia vita vya Schmalkalden, akakuta mali yake imeharibiwa, akafa Torgau tarehe 20 Desemba 1552. Je, tuseme kwamba alisumbuka bure? Msomaji azichukuaye barua hizi kama ahadi kwamba baya halitatokea, amezisoma vibaya. Na utani wenyewe wampa nafasi ya kukosea hivyo.

Kwa sababu hiyo yafaa zisomwe pamoja na barua za Coburg za mwaka 1530. Melanchthon alipofadhaika huko Augsburg, Luther alimwonya kwa ukali. Lakini alikiri pia kwamba katika mapambano ya nafsi yake mwenyewe yeye ndiye dhaifu, na Melanchthon ndiye imara. Ungamo hilo ndilo linalokosekana katika barua za 1546. Mfariji asiyekiri udhaifu wake humwacha mwenzake peke yake.

Lugha yetu yaweza kutusaidia. Katika 1 Petro 5:7 Biblia ya Kiswahili yatumia neno kutwika. Kumtwika mtu ni kumwekea mzigo kichwani. Mzigo haukanushwi, wala haupungui uzito; wabadili kichwa tu. Tena atwikaye hana budi kuujua mzigo wake na kuuinua. Ndiyo maana Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipoeleza ombi la riziki, alitaja chakula, mavazi, nyumba, shamba, mifugo, fedha, serikali njema na majirani waaminifu. Aliyefundisha kuyataja hayo yote mbele za Mungu hakuwafundisha watu kuyanyamazia.

Basi mhubiri asimwambie mjane yule kwamba deni lake si kitu. Amsaidie kulitaja katika sala, kisha usharika uulize ni kiasi gani. Maana kati ya vitu alivyovitaja Luther katika ombi lile wamo pia majirani waaminifu, nao ni sisi.