Maombolezo ya Mtoto Aliyezaliwa Mfu: Uhakiki wa Lugha ya Rambirambi

Wahakiki wa fasihi yetu wamezoea kuyatazama maombolezo kuwa utanzu wenye kanuni inayojulikana: marehemu hutajwa kwa jina, husifiwa kwa matendo yake, kisha huombewa. Shaaban Robert alipomlilia mkewe Amina, alikuwa na ndoa ya kukumbuka. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipouombolezea mji wa Pate katika Al-Inkishafi, alikuwa na majumba na watu wake wa kusimulia. Je, mzazi aliyezaa mtoto mfu atasimulia nini? Makala haya yanadai kwamba kanuni hiyo imemwacha nje mzazi huyo, na kwamba lugha yenyewe imechangia kumwacha.

Tuanze na sarufi. Wako wasemao "mimba imeharibika" hata pale ambapo mimba ilitimiza miezi yake. Kiima hapo ni mimba. Mtoto hayumo katika sentensi. Tukisema "mtoto amefariki", upatanisho wa ngeli ya A-WA humrudishia utu wake, na mama naye huwa mfiwa, wala si mgonjwa tu.

Mila nazo zina sarufi yake. John Mbiti, Mkamba wa Kitui aliyezaliwa mwaka 1931, alieleza katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba kwa Wakamba mtoto hupewa jina siku ya tatu. Kabla ya hapo huhesabiwa kuwa kiimu, yaani kitu cha mizimu. Aliyekufa kabla ya siku hiyo hakuwa na jina la kuliliwa. Hata hivyo, tusikate shauri upesi kwamba alisahauliwa. Jina Mbiti maana yake ni fisi, na jina la namna hiyo hupewa mtoto azaliwaye baada ya nduguze kufa, ili mauti yamdharau na kumpita. Jina la aliye hai huwa ukumbusho wa waliotangulia: ni maombolezo ya neno moja. Ila ukumbusho huo hubebwa na mwingine.

Neno hilo "mwingine" nalijua. Tulipomzika binti yetu shambani kwetu Kangundo, kando ya mibuni, hapakuwa na wasifu wa kusomwa. Mzee wa ukoo alisimama, akasema, "Mwanangu, jikaze. Mungu atawapa mwingine." Kisha akaketi. Siku ile nilikasirika, kwa kuwa nilisikia kwamba huyu hakuhesabiwa. Baadaye nililitafakari neno lenyewe. Mzizi -ingine hausimami peke yake. Hudai kuwapo kwa wa kwanza. Asemaye "mwingine" amekwisha kukiri kwamba alikuwapo mmoja. Basi kasoro ya rambirambi hii si kukana, bali ni haraka: humtaja mtoto na kumpita katika neno lilo hilo moja.

Maombolezo yanayomfaa mtoto huyu hayawezi kuwa ya matendo. Maudhui yake ni kungojewa kwake: mateke ya usiku, shuka iliyonunuliwa Tala, jina lililojadiliwa. Siku ya tatu, siku ambayo kwa mila angepewa jina, maziwa yalimjia mama yake, na hapakuwa na wa kuyanyonya. Mtunzi anayetafuta sifa za marehemu hatakiona kisa hiki. Anayetafuta kilichongojewa atakikuta mlangoni.

Wanafunzi wetu wanaokusanya fasihi simulizi Machakos huandika majina ya watu na maana zake, kisha husonga mbele. Yafaa wamwulize pia mama: jina hili lilitolewa baada ya nani? Wapo akina mama wazee ambao hawajapata kuulizwa swali hilo.

Binti yetu tulimwita Mumbua, kwa sababu mvua ilikuwa ikinyesha. Kwa kanuni ile ile ya utanzu, maombolezo huanzia hapo.