Valini ya Sita na Jirani Zake

Hemoglobini ya mtu mzima ina asidi amino 574, zilizounganika katika minyororo minne: miwili ya alfa yenye 141 kila mmoja, na miwili ya beta yenye 146. Aliyerithi selimundu kwa baba na kwa mama anatofautiana na wengine kwa jambo dogo mno. Katika nafasi ya 6 ya kila mnyororo wa beta, palipopaswa kukaa asidi glutamiki, imekaa valini. Vernon Ingram alilionyesha hilo huko Cambridge mwaka 1957, baada ya kuikata hemoglobini vipande kwa kimeng'enya na kuvitandaza kwenye karatasi. Katika madoa yote yaliyotokea, moja tu lilikuwa limehama mahali pake.

Basi ikajulikana kilichobadilika. Haikujulikana valini hiyo, ikishakaa pale, inagusa nini. Hapo ndipo inapoanza kazi ninayotaka kuisifu. Ni kazi ya watu wanaoketi mbele ya umbo la protini ambalo wengine wameshalichora, wakaiuliza kila asidi amino: jirani yako ni nani, yuko umbali gani, mnashikana kwa nguvu gani, na je, ni kweli mnashikana?

Malighafi yao ni faili lenye orodha ndefu ya atomu, kila moja na vipimo vitatu vya mahali ilipo. Kipimo ni angstromu, na mita moja ina angstromu bilioni kumi. Oksijeni na naitrojeni zinazogawana haidrojeni hukaa angstromu 2.5 hadi 3.5. Ncha yenye chaji chanya na yenye chaji hasi huhesabiwa kuwa zimeshikana zikiwa ndani ya angstromu 4. Kaboni za sehemu zinazokwepa maji hulaliana kwa umbali wa 4 hivi. Kwa hesabu ya jumla, wengi huchukua kaboni ya kwanza ya tawi la kila asidi amino na kusema: zikiwa karibu kuliko angstromu 8, andika kwamba zimegusana.

Kompyuta huimaliza kazi hiyo kwa muda mfupi sana na kutoa ramani ya mraba, ambamo kila nukta ni jozi moja iliyogusana. Mwenye jicho lililozoea huona umbo zima humo. Utepe mnene unaofuata ulalo ni mzingo wa helisi, maana katika helisi kila asidi amino humshika wa nne aliye mbele yake. Mstari unaoukata ulalo ni nyuzi mbili zinazolala ubavu kwa ubavu, moja ikipanda na nyingine ikishuka. Nukta chache zilizo mbali na ulalo ndizo huwa na habari nzito, kwa sababu zinaunganisha sehemu ambazo kwenye mnyororo ziko mbalimbali kabisa.

Hadi hapo ni hesabu. Ustadi unakuja baadaye, pale mtu anapokataa kuiamini ramani mpaka aichunguze. Eksirei, zinazotumiwa kupata mengi ya maumbo haya, huonyesha mawingu ya elektroni tu, na katika fuwele nyingi za protini haidrojeni hazionekani. Mwisho wa tawi la asparagini una oksijeni upande mmoja na naitrojeni upande mwingine, na mawingu ya hizo mbili yanafanana mno. Aliyejenga umbo anaweza kuligeuza tawi bila kujua, na muungano wa haidrojeni ulioandikwa kwenye faili ukawa haupo. Glutamini ina shida hiyo hiyo, na histidini pia. Jane Richardson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke walitengeneza njia ya kuzirudisha haidrojeni zote kwenye umbo, kisha kutazama wapi zinapatana na wapi zinagongana. Ni kazi ya kuipitia atomu baada ya atomu, na imesahihisha mengi yaliyokuwa yamekubaliwa.

Kisha kuna mtego mkubwa zaidi. Ili protini ipigwe eksirei hufanywa fuwele kwanza, na ndani ya fuwele molekuli hubanana na kugusana mahali ambapo mwilini hazigusani kamwe. Msomaji mzuri hutenganisha migusano ya aina hiyo na ile yenye kazi mwilini, na hakuna namba moja inayoweza kumfanyia uamuzi huo.

Turudi kwenye hemoglobini. Max Perutz alianza kuichunguza mwaka 1937. Umbo la kwanza alilipata mwaka 1959, nalo lilikuwa hafifu, lisiloonyesha asidi amino mojamoja. Lile la hemoglobini ya farasi lililoweza kusomwa kwa undani lilitoka mwaka 1968. Mwaka huo huo alishirikiana na Hermann Lehmann, daktari aliyewahi kufanya utafiti Uganda, ambako yeye na Alan Raper walitoa mwaka 1949 matokeo ya kupima kuenea kwa selimundu katika makabila ya nchi hiyo. Perutz na Lehmann walichukua hemoglobini zenye kasoro zilizokuwa zinajulikana kwa binadamu, wakaitafuta kila kasoro ilipo kwenye umbo. Walichokiona kilikuwa na mpangilio: mabadiliko ya juu ya uso wa protini kwa kawaida hayadhuru, ila yale yanayovunja migusano ya ndani, au ya minyororo na minyororo, huleta ugonjwa.

Selimundu inakwenda kinyume. Valini ya 6 iko juu kabisa ya uso, na haivunji mgusano wowote. Inaunda mpya.

Mwaka 1975, Wishner, Love na wenzao wa Johns Hopkins walitoa umbo la fuwele ya hemoglobini ya selimundu isiyo na oksijeni. Ndani yake molekuli zimepangana katika nyuzi pacha. Katika valini mbili za kila molekuli, moja hujichomeka kwenye kishimo cha molekuli jirani, kati ya fenilalanini ya 85 na leusini ya 88. Oksijeni ikishikwa, minyororo hubadili mkao na kishimo hakiipokei tena valini vizuri. Ndiyo maana chembe nyekundu za damu hujikunja baada ya kutoa oksijeni.

Sasa rudi kwenye mtego niliousema. Huu ni mgusano wa fuwele, wa aina ambayo msomaji makini huutilia shaka kwanza. Ushahidi wa kuukubali ulitoka katika damu ya watu. Hemoglobini iitwayo Korle-Bu, kwa jina la hospitali ya Accra, ina asparagini badala ya asidi aspatiki kwenye nafasi ya 73 ya beta, na ikichanganywa na ya selimundu huzuia nyuzi zisijijenge kwa urahisi. Ukiitazama nafasi ya 73 kwenye umbo, unaikuta pembeni mwa mgusano ule ule, ikiishika threonini ya 4 ya jirani. Fuwele na damu zimesema jambo moja. Sijui katika sayansi hii hoja iliyofungwa vizuri kuliko hiyo.

Nafasi ya 87 nayo iko kwenye ukingo wa kishimo. Beta ina threonini hapo. Mnyororo wa gama, wa hemoglobini ya mtoto aliye tumboni, una glutamini, na tofauti hiyo ni sababu kubwa ya gama kutojiunga na nyuzi. Wazazi wengi wa Afrika Mashariki wanalijua tokeo lake bila kuijua kemia: mtoto huzaliwa akiwa mzima, na maumivu huja baada ya miezi, hemoglobini ya tumboni inapopungua. Haidroksiyurea, dawa ambayo wagonjwa wengi hutumia, husaidia kwa kuirudisha hemoglobini hiyo. Na tiba ya jeni iitwayo Lyfgenia, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2023, humpa mgonjwa jeni ya beta iliyobadilishwa nafasi moja: kwenye 87, threonini imekuwa glutamini. Mtu alisoma mgusano, mwingine akaufanya tiba. Bei iliyotangazwa ni dola milioni 3.1 kwa mgonjwa mmoja, na wagonjwa wengi wa selimundu duniani wako Afrika.

Tiba hiyo hatuwezi kuinunua leo, ila umbo lenyewe halina bei. Benki ya Data ya Protini, iliyoanza mwaka 1971 ikiwa na maumbo 7, leo ina zaidi ya 200,000, na mtu yeyote huyapakua bure. Umbo la hemoglobini ya selimundu isiyo na oksijeni, lililopimwa kwa angstromu 2.05 na kutolewa mwaka 1997, limehifadhiwa humo kwa jina 2HBS. Walimu wa baiolojia na kemia wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Bujumbura, wapeni wanafunzi wenu faili hilo. Waanzie kwenye fenilalanini ya 85, na waachieni muda wa kutosha wa kupima.